Kilicho Chini ya Jiwe: Somo la Mto Nyangores kwa Wanafunzi wa Sekondari Msingi

Jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, likiinuliwa kutoka sakafu ya Mto Nyangores na kusuguliwa taratibu ndani ya beseni jeupe lenye maji, huacha wakazi wake pale. Mwanzoni macho huona uchafu tu. Baada ya dakika moja uchafu huanza kutembea. Kuna kitu bapa chenye mikia mitatu kinachoparamia ukingo wa beseni, kuna kijiti kidogo kinachojivuta chenyewe, na pengine kaa mchanga wa ukubwa wa ukucha. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 ambaye amechota maji hapo tangu akiwa na miaka mitano huwa hajawahi kuwaona.

Watoto wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale, hujifunza ikolojia wakiwa na mikoko mbele yao. Maji ya bahari yakikupwa, darasa linaanza, na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza huko mwaka wa 2013, umefanya miti hiyo kuwa mapato ya kijiji na pia kitabu cha watoto. Mtoto wa Silibwet au Mogogosiek hana bahari. Ana ukingo wa mto, na kwa sayansi inayofundishwa katika Sekondari Msingi, ukingo huo unatosha. Mtaala wa Umilisi (CBC) unataka mwanafunzi achunguze, apime na aeleze alichokiona. Haya yote yanawezekana asubuhi moja, bila basi la kukodi na bila maabara.

Swali la kwanza ambalo wanafunzi huuliza ni kwa nini wahangaike na wadudu ilhali maji yenyewe yanaweza kupimwa. Jibu ni kwamba maji hupita. Mtu akisafisha pampu ya dawa ya kupe mtoni Jumanne jioni, maji yaliyochotwa Jumatano mchana kwa ajili ya kipimo huenda yasionyeshe chochote. Mdudu aliyekuwa chini ya jiwe usiku huo hakuwa na pa kwenda. Wengi wao huishi majini kwa wiki nyingi, wengine kwa miezi, kabla ya kuota mabawa na kuruka. Kwa hiyo aliyepo leo anaeleza hali ya mto kwa muda wote huo, na asiyekuwepo anaeleza pia.

Sababu ya pili ni pumzi. Wadudu hawa hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji moto. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 hubeba takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 25 hubeba kama 8 tu. Huku milimani kiwango huwa chini zaidi kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua hupiga maji. Tope likiingia, hufunika nafasi zilizo kati ya mawe na kuziba matamvua ambayo mdudu hupumulia. Samadi na maji machafu ya nyumbani hulisha bakteria ambao nao hutumia oksijeni ileile. Wadudu wanaohitaji pumzi nyingi huondoka kwanza, na wanaobaki ni wale waliozoea shida.

Vifaa na tahadhari

Vifaa vyote hupatikana sokoni: chujio la chai lenye mpini mrefu au wavu uliotengenezwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu, beseni jeupe au ndoo ya aiskrimu iliyokatwa, kijiko cha plastiki, kioo cha kukuzia kama kipo, kipimajoto, kamba ya mita 10, saa na chungwa moja. Chungwa ni la kupimia mwendo wa maji. Huelea likiwa limezama nusu, hivyo upepo haulisukumi. Likipita mita 10 kwa sekunde 20, mto unakwenda nusu mita kwa sekunde.

Tahadhari hazina mjadala. Somo lifanyike asubuhi, kwa kuwa katika ukanda huu wa majanichai mvua kubwa hupenda kunyesha alasiri, na Nyangores unaweza kupanda kwa maji ya mvua iliyonyesha huko juu karibu na Msitu wa Mau wakati hapa jua linawaka. Maji yakibadilika rangi ghafla, kila mtu atoke. Hakuna mwanafunzi anayeingia mahali ambapo maji yanazidi magoti. Wote wavae buti za mpira, kwa sababu konokono wa maji baridi wanaweza kubeba kichocho, na palipo na maji yaliyotulia hatari huwa kubwa zaidi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula. Wazazi waarifiwe kwa maandishi, na mwenye shamba linalopitiwa aombwe ruhusa, hata kama ni jirani wa shule.

Jinsi ya kuhesabu

Njia inayofaa zaidi kwa umri huu ni ile iitwayo miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini ili wananchi wa kawaida waweze kupima afya ya mito. Viumbe wote wanaoonekana kwa macho wamegawanywa katika makundi 13, na kila kundi limepewa alama kulingana na jinsi linavyoathirika na uchafuzi. Minyoo, ruba, na mabuu ya nzi na mbu hupata alama 2 kila kundi. Minyoo bapa ni 3. Konokono ni 4, sawa na kereng'ende wadogo wembamba. Kunguni wa maji na mbawakawa ni 5. Kaa na kamba ni 6, kama kereng'ende wakubwa.

Makundi matatu yaliyobaki ndiyo yenye uzito, na hayana majina ya Kiswahili yaliyozoeleka, hivyo walimu hutumia majina ya kisayansi. Trikoptera hupata 9. Ni funza mwenye miguu sita ambaye mara nyingi hujijengea nyumba ya mchanga au vipande vya majani, na ndiye yule kijiti anayejivuta. Efemeroptera wamegawanywa mara mbili: wale wanaoogelea kama visamaki hupata 5, na wengine, hasa wale bapa wanaong'ang'ania mawe, hupata 11. Plekoptera hupata 17.

Darasa huchota, hupiga teke mawe taratibu mbele ya wavu, huokota majani yaliyooza pembezoni, kisha huhesabu makundi waliyoyapata. Idadi ya wadudu haihesabiwi, ni makundi tu. Alama zinajumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya makundi.

Tuseme kundi moja la wanafunzi limepata kaa, efemeroptera bapa, trikoptera, kereng'ende mkubwa na mabuu ya nzi. Jumla ni 6 + 11 + 9 + 6 + 2, yaani 34. Ikigawanywa kwa 5 wastani ni 6.8. Kundi la pili, chini ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa, limepata minyoo, ruba, mabuu ya nzi, konokono na kunguni wa maji. Jumla ni 15, na wastani ni 3. Katika mto wenye mawe, wastani unaofika 8 ni wa mto ulio karibu na hali yake ya asili, na chini ya 5 ni mto ulio katika hali mbaya sana.

Hapa mwalimu anahitaji macho makali. Kama kundi la kwanza lingesema limeona plekoptera pia, jumla ingepanda hadi 51 na wastani kuwa 8.5. Mdudu mmoja amebadilisha hukumu yote ya mto. Na kosa hilo ni rahisi, kwa sababu efemeroptera na plekoptera hufanana kwa mtu mwenye haraka. Plekoptera ana mikia miwili na kucha mbili kwenye ncha ya kila mguu. Efemeroptera wengi wana mikia mitatu, lakini baadhi wana miwili, kwa hiyo mikia peke yake haitoshi. Kitu cha kutazama ni matamvua: ya efemeroptera yako ubavuni mwa tumbo kama vijani vinavyopepea, ilhali plekoptera wa huku anayo kwapani, penye mashina ya miguu. Kanuni nzuri ni kwamba hakuna alama 17 inayoandikwa mpaka wanafunzi watatu tofauti wawe wamekubaliana.

Kuna jambo lingine ambalo mwongozo wa Afrika Kusini hauwezi kulisema kwa niaba yetu. Afrika Mashariki ina aina chache za plekoptera ikilinganishwa na nchi za baridi, na karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Kijito safi cha Konoin kinaweza kukosa plekoptera bila kuwa na kosa lolote. Tanzania iliona haja ya kuwa na mfumo wake, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini na kurekebishwa kwa mito ya huko. Kwa shule, dawa ya tatizo hili ni rahisi: zisilinganishwe alama za Nyangores na za mto wa Durban. Kilinganishwe kituo cha juu na kituo cha chini cha mto uleule, siku ileile, kwa mikono ileile. Tofauti kati ya vituo hivyo viwili ndiyo matokeo.

Kaa na historia yake

Kaa wa mtoni hudharauliwa. Watoto humvua kwa mchezo na kumwacha juani. Lakini ndiye aliyefumbua moja ya mafumbo makubwa ya afya katika magharibi ya Kenya. Kabla ya katikati ya karne iliyopita, watu wa maeneo ya Kodera, Kuja na Kakamega walipofuka kwa ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi mdogo mweusi anayeuma. Nzi alijulikana, lakini mabuu yake hayakuonekana popote, wala juu ya mawe wala kwenye majani yaliyozama. Mwaka wa 1950, van Someren na McMahon, waliokuwa wakifanya kazi Kenya, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameyapata: mabuu ya Simulium neavei hujishikiza kwenye mwili wa kaa na kusafiri naye. Nzi huyo aliangamizwa nchini kwa kutia dawa ya DDT mitoni, kazi iliyofanyika katika miaka ya 1940 na 1950, na usubi ukaisha.

Mwalimu mwenye nafasi ya dakika kumi anaweza kugeuza habari hiyo kuwa mjadala mzuri. DDT iliokoa macho ya watu. Iliua pia wadudu wengine wengi wa mito hiyo. Leo isingeruhusiwa kumwagwa mtoni. Je, waliofanya kazi ile walikosea? Wanafunzi wa Gredi ya 9 wana uwezo wa kulijadili swali hili kuliko watu wazima wanavyofikiri.

Kaa ana kazi nyingine mtoni, nayo ni kula majani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 na Frank Masese na wenzake kuhusu vijito vya nyanda za juu za Kenya ulionyesha kwamba vina walaji majani wa aina nyingi, kinyume na ilivyodhaniwa kuhusu mito ya tropiki, na kaa ni miongoni mwa walio muhimu zaidi. Jani likianguka majini kutoka kwa mti wa ukingoni, kaa na wadudu hulikatakata, na vipande vinavyosafiri chini huwa chakula cha wengine, hadi kwa samaki.

Jaribio la mifuko ya vitunguu

Hili ni jaribio la muhula mzima, na halihitaji kuingia mtoni mara nyingi. Wanafunzi huanika majani ya miti mitatu hadi yakauke kabisa: tebeswet, lamaiywet na mkaratusi. Hupima gramu 5 za kila aina, huzitia katika mifuko ya wavu ya vitunguu, na kuifunga mifuko hiyo kwa mawe mahali penye maji yanayotembea. Mifuko mingine ya majani hayohayo hushonwa kwa chandarua, ili kaa na wadudu wakubwa wasiweze kuingia. Baada ya wiki mbili, na tena baada ya wiki nne, mifuko hutolewa, majani huoshwa taratibu, hukaushwa na kupimwa upya.

Tofauti kati ya mfuko wa vitunguu na wa chandarua huonyesha kazi ya walaji. Tofauti kati ya miti huonyesha jambo linalogusa karibu kila boma katika ukanda wa chai, kwa kuwa mikaratusi imepandwa hadi ukingoni mwa maji, kwa kuni za viwanda na kwa mbao. Majani yake yana mafuta na kemikali ambazo viumbe wengi wa majini hawazipendi. Lakini darasa lisije na jibu kabla ya kupima. Lamaiywet ni mti wetu wa asili na rafiki wa mito, ila jani lake ni gumu, na linaweza kuchelewa kuliko tebeswet kwa mbali. Mtoto akigundua kwamba si kila cha asili huoza haraka, amejifunza sayansi kuliko angekariri orodha ya miti mizuri na mibaya.

Daftari likifika nyumbani

Hapa ndipo somo linapokuwa gumu. Mto haupiti katika shamba la mtu asiyejulikana. Unapita kwa baba wa mwanafunzi mmoja, kwa shangazi wa mwingine, kando ya mahali kijana wa boda boda anapooshea pikipiki ili apate riziki. Alama zikishuka kutoka 6.8 hadi 3 ndani ya mita mia mbili, darasa zima linajua ni boma la nani lililo katikati.

Walimu wanashauriwa kutoandika majina ya watu katika daftari la mto. Iandikwe kinachoonekana: mapito ya ng'ombe, bustani ya mboga hadi majini, mikaratusi, mfereji wa barabara unaomwaga tope. Barabara yenyewe, kwa kweli, mara nyingi huleta tope jingi kuliko shamba lolote, na hilo linawahusu wanaoijenga. Majanichai yanapofunika ardhi vizuri hushikilia udongo, na chai ya Kenya hukuzwa kwa kiasi kikubwa bila dawa za wadudu, hivyo si haki kuilaumu kwa kila kitu. Kinachoua wadudu wa mto kwa haraka zaidi katika maboma ya wafugaji ni dawa za kupe, hasa zile za jamii ya pareto bandia, ambazo kiasi kidogo sana chake kinatosha. Pampu ioshewe mbali na mto, na maji yake yamwagwe palipo na nyasi. Hili mtoto anaweza kumwambia baba yake bila kugombana naye.

Kuhusu ukingo wenyewe, kanuni za maji zinataka eneo la angalau mita 6 kila upande liachwe, na kwa mito mipana zaidi hadi mita 30. Wanafunzi wanaweza kulipima kwa ile kamba yao ya mita 10 na kuchora ramani.

Na kuna jambo moja ambalo kila darasa lazima liliseme kwa sauti kabla ya kuondoka mtoni: alama nzuri si ruhusa ya kunywa maji. Plekoptera anaweza kuwa mzima kabisa katika maji yenye vijidudu vya homa ya matumbo. Wadudu hueleza afya ya mto, si usalama wa kikombe. Bomet ilikumbwa na kipindupindu mwaka wa 2015, na familia nyingi bado huchota moja kwa moja kutoka mitoni na kwenye chemchemi. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, hata darasa likirudi na wastani wa 8.

Mto unakwenda wapi

Somo la mwisho hufanyika darasani, juu ya ramani. Nyangores hupita mjini Bomet, hukutana na Amala, na kutoka hapo jina linakuwa Mara. Mto huo wa kilomita 395 hivi hupita katika mbuga ya Maasai Mara na Serengeti, ambako nyumbu zaidi ya milioni moja huutegemea wakati wa kiangazi, kisha hupita katika kinamasi kikubwa cha Tanzania na kumwagika katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Maji ya ziwa hutoka kwa Mto Nile. Kwa hiyo mtoto wa Bomet naye ana pwani, ingawa si ya Mombasa. Iko Misri, kwenye Bahari ya Mediterania.

Shule za Sekondari Msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na ratiba ya somo ni ya mwalimu mkuu. Kazi ya kaunti ni hifadhi ya udongo na maji, na shule inayotaka kuanza inaweza kuomba afisa wa idara ya mazingira au ya maji aandamane na darasa siku ya kwanza. Vyama vya watumiaji maji vya eneo husika pia hujua mahali salama pa kuingilia mtoni. Siku ya Mara huadhimishwa na Kenya na Tanzania kila tarehe 15 Septemba. Darasa litakalopima vituo viwili mara moja kila mwezi kuanzia Mei litakuwa na safu nne za takwimu za kuonyesha siku hiyo. Mawe yote yarudishwe yalipotolewa, upande ule ule ukiwa chini, na beseni limwagwe polepole.